Handaki la maji la Nordkirchen: kwa nini lilichimbwa, na kwa nini kasri halizami

Swali: Ninasoma usanifu majengo Dortmund, Ujerumani. Nimetembelea Kasri la Nordkirchen, ambalo kila kipeperushi kinaliita "Versailles ya Westfalia". Lilianza kujengwa 1703, wakati mizinga ilishakuwa inabomoa ngome. Kwa nini basi lizungukwe na maji? Imekuwaje msingi haujaoza kwa miaka 300? Na nikirudi tena, nitazame nini?

Jibu: Ndugu, tuanzie kwenye hicho kipeperushi, maana jina hilo ndilo linalowapoteza watu. Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, haina handaki la maji. Ina mfereji mkubwa na mabwawa bustanini, lakini ukitokea mjini unaingia uani kwa miguu mikavu. Nordkirchen huifikii bila kuvuka daraja. Aliyeijenga alitamani ya Ufaransa na ya Uholanzi, ila alisimama juu ya udongo wa Westfalia, na udongo huo uliamua mengi kabla msanifu hajashika kalamu.

Eneo lenyewe, Münsterland, yaani nchi inayouzunguka mji wa Münster, ni tambarare kama meza. Chini ya udongo wa kulima kuna mfinyanzi na mwamba laini wenye chokaa, ambao haupitishi maji vizuri, hivyo mvua ikinyesha haizami mbali. Hakuna kilima cha kuwekea ngome. Makabaila wa huko, tangu Enzi za Kati, walifanya kinyume cha wenzao wa milimani: badala ya kupanda juu, walichimba kuzunguka. Mtaro mmoja unafanya kazi mbili. Unakusanya maji yaliyotapakaa kiwanjani, na udongo unaotoka humo unainua sehemu ya katikati.

Fanya hesabu uone. Chukua kiwanja cha meta 80 kwa 80 unachotaka kukiinua kwa meta 1: unahitaji meta za ujazo 6,400 za udongo. Ukikizungushia handaki la upana wa meta 20, eneo la handaki ni meta za mraba 8,000. Maana yake, kina cha sentimeta 80 tu kinakupa udongo wote unaouhitaji, ukiacha ule unaopungua kwa kushindiliwa. Ukichimba meta moja na nusu, unabakiwa na mfinyanzi wa kuchomea matofali. Mtu aliyejenga pale bila handaki ndiye angelazimika kujieleza. Wenyeji wana neno lao la handaki hilo, Gräfte, na majumba ya aina hii ni mengi kiasi kwamba njia ya baiskeli inayozunguka eneo hilo inaitwa Njia ya Majumba 100.

Kwa hiyo Nordkirchen haikuchimbiwa handaki kwa mara ya kwanza mwaka 1703. Pale palikuwa na ngome ya majini ya ukoo wa von Morrien, ya karne ya 16, iliyosifika kwa uimara. Mwaka 1694 mali hiyo ikachukuliwa na Friedrich Christian von Plettenberg, ambaye tangu 1688 alikuwa askofu wa Münster, na askofu wa Münster siku hizo alikuwa pia mtawala wa nchi, mwenye jeshi na kodi zake. Ngome ya zamani ikabomolewa. Maji yakabaki, yakanyooshwa.

Hapo ndipo swali lako la mizinga linapokuwa zuri zaidi, kwa sababu huyu bwana hakuwa mgeni wa mizinga. Mmoja wa waliomtangulia kwenye kiti kilekile, Christoph Bernhard von Galen, aliuzingira mji wake mwenyewe wa Münster na kuulazimisha usalimu amri mwaka 1661. Watu wakampachika jina la Bernd wa Mabomu. Hakuna aliyekuwa Münster miaka ile ambaye angeamini kwamba ukanda wa maji ungelikinga jumba la matofali lenye madirisha marefu. Bomu linarushwa juu. Handaki linazuia anayekuja kwa miguu.

Handaki lilibaki kwa sababu nyingine, na ya kwanza ni cheo. Kabaila wa nchi ya Münster hakuingia kwenye baraza la nchi kwa jina lake tu. Ilibidi amiliki nyumba iliyotambuliwa kuwa makao halali ya kabaila, na macho ya watu yalilitambua jumba la namna hiyo kwa maji yake na daraja lake. Kulifukia handaki kungekuwa kama kuvua kilemba mbele ya watu. Kwa ukoo wa Plettenberg jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Askofu Mkatoliki hana mtoto wa kumrithisha, na kiti cha uaskofu hakirithiwi. Nyumba ndiyo inayorithiwa. Askofu alikuwa anajenga ili ndugu zake wabaki wakubwa baada ya yeye kufa, na alikufa mapema kweli, 1706, kuta zikiwa bado zinapanda.

Sababu zilizobaki ni za nyumbani. Handaki lilizuia wezi na ng'ombe, lilifuga samaki wa siku za kufunga nyama, lilitoa maji ya kuzimia moto na, wakati wa baridi, barafu ya kuhifadhi chumbani chini ya ardhi. Na lilipokea uchafu. Wanaoandika kuhusu maji yanayong'aa kama kioo huwa wanasahau harufu ya mwezi wa Agosti.

Ukitaka kulinganisha na handaki la vita, mfano ulio bora uko nyumbani: Fort Jesus, Mombasa, iliyojengwa 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati. Handaki lake limechongwa kwenye mwamba wa matumbawe upande wa nchi kavu, halina maji, na buruji za pembeni zimechomoza ili bunduki ziweze kufagia uso wa ukuta kutoka ubavuni. Sasa tazama pembe nne za kisiwa cha Nordkirchen, mahali palepale ambapo mhandisi wa kijeshi angeweka buruji. Pana vibanda vinne vidogo vya kupendeza. Vimeshika nafasi ya mizinga bila mizinga. Kingo za maji zimenyooka kwa rula, daraja ni la kudumu na halinyanyuki, na limewekwa katikati kabisa ya mstari unaoelekea mlango mkuu. Ngome halisi hukupindisha njia ukiingia ili ikupige ubavuni. Kasri la Baroko, mtindo wa fahari wa karne ya 17 na 18, hukunyooshea njia ili uone ukubwa wake kuanzia mbali. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kutofautisha handaki la vita na la heshima, popote utakapokwenda.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa Gottfried Laurenz Pictorius, mhandisi wa nchi ya Münster. Matofali mekundu yenye kingo za jiwe la rangi ya maziwa, mapambo machache, ulinganifu mkali: hiyo ni ladha ya Kiholanzi zaidi kuliko ya Kifaransa, na ndiyo inayolipatia jumba utulivu wake. Baadaye kazi ikapita kwa Johann Conrad Schlaun, aliyezaliwa 1695, fundi mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Westfalia. Schlaun ndiye aliyeanza kasri la Augustusburg huko Brühl mwaka 1725, na ndiye aliyejenga Clemenswerth na kasri la mjini Münster. Ukiyaona hayo matatu kisha ukarudi Nordkirchen, utamtambua kwa namna anavyolilainisha tofali: anapindisha ukuta pale ambapo Pictorius angeuacha unyooke.

Aliyemwajiri Schlaun alikuwa Ferdinand von Plettenberg, mtoto wa ndugu yake askofu. Ferdinand alikuwa waziri mkuu wa Clemens August, mwana wa mtawala wa Bavaria aliyepata uaskofu wa Münster na kisha kiti cha askofu mkuu wa Köln. Fedha na vyeo vilikuja kwa pamoja, na kasri likapambwa kwa haraka. Kisha, Mei 1733, kipenzi wa Clemens August aitwaye von Roll akauawa katika pambano la upanga na jamaa wa Ferdinand. Clemens August akamwangushia Ferdinand lawama na kumfukuza. Ferdinand alihamia utumishi wa kaisari na kufa Vienna 1737. Ujenzi unahesabiwa kukoma 1734, na tarehe hizo mbili zikisomwa pamoja zinaeleza kwa nini. Kodi ilipokatika, fundi aliondoka.

Kabla ya kushuka kwenye msingi, neno kuhusu mpangilio, kwa kuwa unasoma fani hii. Unaingia kutoka kusini. Uwanja wa mbele umekumbatiwa na mabawa mawili, na majengo yanapanda ngazi kwa ngazi kuelekea kwenye jengo kuu lililo mwisho, upande wa kaskazini. Nyuma yake kuna maji tena, kisha bustani iitwayo Kisiwa cha Venus. Ndani ya jengo kuu, ukumbi mkubwa, Ukumbi wa Jupiter, uko upande wa bustani, juu ya mstari uleule wa daraja. Kama ilivyokuwa kawaida ya majumba ya wakati huo, vyumba vimepangwa mfululizo, milango ikitazamana katika mstari mmoja: cha kungojea, cha kupokelea wageni, cha kulala, kisha kijichumba cha ndani. Umbali ulioruhusiwa kwenda ndiyo heshima yako. Aliyezoea nyumba za mawe za Lamu, zenye daka nje na ndani kabisa kwa wenyewe, ataielewa fikra hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba nyumba ya Lamu hukata kona ili mpita njia asione kitu, na kasri la Baroko hufungua milango yote ili uone vizuri kule usikoruhusiwa kufika.

Sasa msingi, ambao ndio moyo wa swali lako. Umeuliza kwa nini maji hayajaozesha. Maji ndiyo yaliyolinda.

Majumba ya majini ya eneo hili kwa kawaida yamesimama juu ya magogo ya mwaloni. Utaratibu ulikuwa huu. Eneo la ukuta lilizungushiwa kizuizi cha mbao na udongo, maji yakatolewa. Magogo yaliyochongwa ncha yalipigwa chini kwa uzito mkubwa uliovutwa juu kwa kamba na kundi la watu, kisha ukaachiwa. Walipiga hadi gogo likakataa, yaani mapigo kadhaa yasilisogeze tena. Vichwa vyote vikakatwa usawa mmoja. Juu yake zikalazwa boriti za kulala, moja kwa urefu na nyingine kwa upana kama wavu, na nafasi zikajazwa mawe na mfinyanzi. Hapo ndipo ukuta wa mawe ulipoanza, na matofali yakafuata baada ya kupita usawa wa maji.

Siri yote imo kwenye neno moja: usawa. Vichwa vya magogo lazima vikatwe chini ya kina cha chini kabisa ambacho maji yatafikia wakati wa kiangazi. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Kwenye mbao kavu wanakosa maji. Kwenye mbao iliyozama muda wote wanakosa hewa. Tazama nguzo ya uzio wowote: kipande kilicho ndani sana ya udongo kinadumu, kipande cha juu kinadumu, na nguzo inakatikia palepale inapokutana na ardhi. Mwaloni uliozama kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hudumu karne nyingi, unageuka mweusi na kuwa mgumu. (Baharini hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu kuna viumbe wanaotoboa mbao hata ikiwa imezama. Usiichukue kanuni hii ukaipeleka kwenye gati.)

Kwa hiyo adui wa kasri la majini ni ukame. Maji yakishuka sentimeta 30 chini ya vichwa vya magogo na kubaki hivyo kwa misimu kadhaa, hewa inaingia, kuvu wanaanza, na kichwa kinakuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Jengo linakaa chini, lakini halikai sawasawa, kwa kuwa magogo hayaozi kwa mwendo mmoja. Kwanza utaona nyufa za mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha, maana pale ukuta ni dhaifu. Zisome hivi: ufa ulio mpana juu na mwembamba chini unaonyesha kwamba ncha za jengo ndizo zinazoshuka huku katikati pakishikilia, ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ndiko kunakozama. Kabla ya kuita mkandarasi, bandika kipimo kwenye ufa na ukisome kila mwezi kwa mwaka mzima. Ufa unaofunguka na kufunga kwa majira ni joto na baridi. Unaofunguka tu ni msingi.

Tiba ya kwanza ni ya bei nafuu: pandisha maji. Handaki lina kilango cha mbao au chuma kwenye tundu la kutokea, na ubao mmoja ukiongezwa unaweza kurudisha vichwa vya magogo chini ya maji. Iwapo vimeshaoza, panachimbwa kando ya ukuta kwa vipande vifupi, kama meta 1 hadi 1.2 kwa wakati mmoja na kamwe visifuatane, sehemu iliyooza inakatwa, na pengo linajazwa zege hadi chini ya ukuta. Wanaofungua meta tano kwa pamoja ili kuokoa muda huwa wanauangusha ukuta.

Kosa jingine, ambalo hata wataalamu hulifanya, ni kumwaga maji yote haraka ili kusafisha handaki. Ukuta wa ukingo unashikilia udongo uliolowa. Maji ya handaki yanausukuma kutoka upande huu, maji yaliyomo udongoni yanausukuma kutoka upande ule, na nguvu mbili zinalingana. Ukiondoa ya handaki kwa siku moja, ya udongoni yanabaki, kwa sababu mfinyanzi hautoi maji upesi. Tofauti ya meta 2 za maji inasukuma kwa karibu tani 2 kwa kila meta moja ya urefu wa ukuta, mbali na uzito wa udongo wenyewe. Ukuta unaangukia handakini, na kibanda cha pembeni kinaweza kuufuata. Maji hushushwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, matundu ya kutolea maji ukutani yakizibuliwa kwanza, na mtu akipita kila asubuhi na uzi wa kupimia wima.

Juu ya usawa wa maji kuna vita vidogo ambavyo haviishi. Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na kwenye ukuta wa kawaida hufika meta moja au moja na nusu kabla upepo haujayakausha. Yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi ikigeuka kuwa fuwele inavunja uso wa tofali. Chokaa ya zamani, sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, ilikubali hilo: ni laini kuliko tofali, inapitisha mvuke, na inaharibika yenyewe badala ya tofali. Kila baada ya miaka unaikwangua na kupaka nyingine. Fundi aliyeleta lipu ya saruji karne ya 20 alidhani anazuia maji. Alichozuia ni mvuke kutoka, na unyevu ukapanda juu zaidi kutafuta njia. Wanaotunza nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huo vilevile.

Jiwe la kingo na la masanamu linatoka vilima vya Baumberge, magharibi ya Münster. Linaitwa jiwe la mchanga, lakini lina chokaa nyingi sana ndani yake. Likitoka machimboni ni laini, linachongeka karibu kama mti, na ndiyo maana wachongaji wa Münster walilipenda. Ila lina udhaifu wa aina mbili. Likilowa na barafu ikalikuta, linamenyuka. Na hewa yenye moshi wa makaa ya mawe, ambayo eneo la viwanda la Ruhr, kusini tu ya hapo, lilitoa kwa zaidi ya miaka mia, inageuza chokaa yake kuwa jasi: linafanya gamba jeusi, gamba linavimba, linadondoka pamoja na pua ya sanamu. Ukiona kipande cheupe chenye kona kali karibu na kipande cheusi kilichochakaa, umeona ukarabati. Usidhani cheusi ni uchafu wa kusugua kwa brashi ya chuma.

Na tope. Majani ya miti ya njia kuu yanaanguka majini kila vuli, mbolea ya mashamba inaingia na kijito, bata wanaongeza yao. Handaki linakuwa na kina kifupi, maji yanapata joto, mwani unastawi, na usiku wa joto unanyonya hewa yote majini. Asubuhi samaki wanaelea. Tope hutolewa kwa awamu, sehemu moja huku nyingine zikibaki na maji, na mwendesha mashine anapewa amri moja isiyovunjwa: asiguse mfinyanzi wa chini. Akiutoboa, handaki linavuja, usawa unashuka, na unarudi kwenye magogo niliyoeleza.

Kuhusu bustani, tahadhari. Kisiwa cha Venus kinachoonekana leo, chenye mapambo ya vichaka vilivyokatwa kama nakshi ya kanga, si cha Schlaun. Mwaka 1833 kasri lilipita kwa ndoa kwenye ukoo wa Esterházy wa Hungaria, na katika karne hiyo bustani ikageuzwa kuwa ya mtindo wa Kiingereza, miti na nyasi zilizojifanya za asili. Mwaka 1903 kasri likanunuliwa na Duke wa Arenberg, naye akamwita Achille Duchêne kutoka Paris, ambaye kuanzia 1906 alichora upya bustani ya Baroko kwa ladha ya karne ya 20. Huyu Duchêne ndiye aliyefanya kazi pia Vaux-le-Vicomte, kasri jingine la Baroko lenye handaki, alilolijenga Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa mfalme Louis wa 14, kati ya 1656 na 1661. Fouquet alifanya karamu yake kubwa tarehe 17 Agosti 1661 na kukamatwa tarehe 5 Septemba, kisha akafa gerezani. Nordkirchen imekuwa na bahati ya kinyume: kuanzia mwaka 1950 hivi imekuwa chuo cha maofisa wa kodi cha jimbo la Nordrhein-Westfalen, na mwaka 1958 jimbo likainunua kabisa. Labda ndilo kasri pekee la aina yake ambamo wanaojifunza kukusanya kodi wanasoma chini ya dari ambazo kodi zililipia.

Chuo ndicho kinachoamua utaona nini. Bustani na uwanja viko wazi kwa wote bila malipo, ila kumbi za ndani huonekana kwa kuongozwa tu, na Jumapili ndiyo siku ya kuitegemea. Kutoka Dortmund panda treni ya eneo inayokwenda Münster kupitia Lünen, ushuke Capelle, kijiji cha manispaa hiyohiyo ya Nordkirchen. Beba baiskeli, kasri liko kilomita chache kutoka kituoni na barabara ni tambarare.

Ukifika, usiingie moja kwa moja. Zunguka handaki lote kwanza, kwa nje. Tafuta kilango cha maji na uone alama ya usawa: mstari wa kijani ukutani ukiwa juu sana ya maji, mwaka huo ni wa wasiwasi. Tazama ukuta wa ukingo kwa jicho la ubavuni uone kama umetoa tumbo. Hesabu mabawa na utafute mahali rangi ya tofali inapobadilika, maana majengo ya kuunganisha yaliongezwa wakati wa Arenberg, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ustadi unaowadanganya wengi.

Ukitaka kuona kasri ndani ya maji, simama ukingoni kabisa. Sababu ni jiometri ya kawaida. Tuseme jumba lina urefu wa meta 20 kwenda juu na liko meta 60 kutoka ukingo, na macho yako yako meta 1.6 juu ya maji. Ukirudi nyuma meta 10 tu, maji yatakuonyesha meta 9.6 za chini; paa na ghorofa ya juu vimepotea. Sogea hadi vidole vya viatu viguse ukingo, na paa linarudi. Uso wa kaskazini, unaotazama Kisiwa cha Venus, haupati jua kabisa wakati wa baridi. Nenda Juni, asubuhi na mapema au jioni sana, jua linapotokea kaskazini mashariki au kuzama kaskazini magharibi, wakati upepo wa mchana haukunji uso wa maji.